Nyumba Ina Wenyewe: Mizimu na Msimulizi katika Riwaya ya "Petit Pays"

Si zamani, tulipokuwa tukisoma pamoja na wanafunzi wetu wa madarasa ya juu vipande vya riwaya ya Petit Pays ya Gaël Faye, tulifika kwenye barua ambayo msimulizi, mtoto Gabriel, anamwandikia msichana mmoja wa Ufaransa. Katika barua hiyo asema kwamba theluji inaanguka juu ya mji wa Bujumbura, usiku na mchana. Darasa zima likaangua kicheko. Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mita zisizofika elfu moja juu ya usawa wa bahari, na hapana babu wala bibi aliyepata kuiona theluji hapa. Kicheko kilipotulia, msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, ikiwa habari ya theluji ni uongo, basi na habari ya yule mtu aliyechomwa ndani ya gari, nayo ni uongo?"

Hatukuweza kumjibu papo hapo. Tulisema neno moja mawili juu ya "lugha ya picha", kengele ikalia, nasi tukashukuru kwamba imelia. Lakini swali lile lilitufuata hadi nyumbani, kwa sababu linagusa shina la riwaya yenyewe, na linagusa pia kazi yetu sisi tunaofundisha lugha na fasihi katika mji huu. Makala haya ni jaribio la kumjibu mwanafunzi yule, na la kuwashirikisha walimu wenzetu katika jibu hilo.

Rai yetu ni hii. Petit Pays husomwa aghalabu kama riwaya ya utoto, au riwaya ya vita, au kumbukumbu za maisha ya mwandishi. Sisi twaona kwamba itaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama riwaya ya nyumba yenye mizimu, iliyoandikwa kwa namna ambayo vijana waweza kuisoma, na kusimuliwa na mtu ambaye haifai kumwamini katika kila alisemalo.

Riwaya na mwandishi wake

Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba yake Mfaransa na mama yake Mnyarwanda. Mwaka 1995 alihamia Ufaransa. Kabla ya kuandika riwaya alikuwa amekwisha kujulikana kama mwanamuziki, na katika albamu yake ya mwaka 2013 umo wimbo wenye jina hilohilo, Petit Pays, yaani "nchi ndogo". Riwaya ilichapishwa Paris na Grasset mwaka 2016, na mwaka huohuo ikatunukiwa Prix Goncourt des lycéens, tuzo ambayo waamuzi wake ni wanafunzi wa shule za sekondari. Jambo hilo si dogo kwetu. Kitabu kinachohusu mtaa wa Bujumbura kilichaguliwa na vijana wa mbali wenye umri wa wanafunzi wetu, ilhali wanafunzi wetu wenyewe wengi hawajakishika mikononi. Mwaka 2020 kilifanyiwa filamu na Éric Barbier. Riwaya ya pili ya Faye, Jacaranda, ilipata tuzo ya Renaudot mwaka 2024.

Hadithi yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Gabriel, ambaye wenzake humwita Gaby, ni mtoto wa miaka kumi hivi. Akaa na baba yake Michel, mama yake Yvonne na dada yake mdogo Ana katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Kinanira. Mama ni Mtutsi wa Rwanda, aliyekimbizwa kwao angali mtoto. Wazazi wanatengana. Nyumbani wapo watumishi: Prothé mpishi, Innocent dereva, Donatien msimamizi wa kazi za baba. Watoto wa kichochoro wana genge lao, na kazi yao kubwa ni kuiba maembe na kuvuta sigara kwa siri. Kisha nchi inaingia gizani. Juni 1993 Melchior Ndadaye anachaguliwa kuwa rais. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo anauawa. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowachukua Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi inatunguliwa mjini Kigali, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yanaanza nchini Rwanda. Yvonne aenda Kigali kuwatafuta jamaa zake, na mtu anayerudi kutoka huko siye yule aliyeondoka.

Nyumba zenye mizimu

Waswahili wana namna yao ya tahadhari ya kuitaja nyumba au mti unaoogopwa. Hawasemi wazi kwamba pana mashetani, husema, "Pale pana wenyewe." Neno hili lina maana mbili, nasi twazihitaji zote mbili katika uhakiki huu. Wenyewe ni wasioonekana, wala haifai kutajwa majina yao. Lakini wenyewe ni wenye mali pia, waliotangulia kuwapo kabla yetu. Kirundi nacho chatumia neno umuzimu kwa roho ya marehemu, neno la shina moja na mzimu wetu na kuzimu. Kwa hiyo msomaji wa Burundi hahitaji kufundishwa na wageni maana ya nyumba ambayo waliokufa hawajaondoka.

Katika fasihi ya Kiswahili jambo hili lina historia. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliichapisha riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, nayo ndiyo iliyomleta Bwana Msa kwa wasomaji. Pale pana maiti mahali pa mizimu, na pana watu walio tayari kuwatwika wasioonekana mzigo wa jambo lililotendeka. Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, hakubali. Achunguza kwa akili, na mwisho tunaonyeshwa kwamba mkono ulioua ni mkono wa binadamu. Ni riwaya ya mwanga: mizimu huondoka mara taa inapowashwa.

Nchi nyingine nazo zina mifano yao. Katika hadithi ya Oscar Wilde ya mzimu wa Canterville, ya mwaka 1887, familia ya Kimarekani inanunua jumba la kale la Uingereza lenye doa la damu sakafuni. Mwana wa nyumba anapiga magoti na kulisugua doa kwa dawa ya madukani, likatoka. Na mzimu maskini, kwa kuona haya, analazimika kulipaka upya kila usiku kwa rangi alizoiba kwa binti wa nyumba. Vijana huicheka sana hadithi hiyo, na ni haki yao. Henry James naye, mwaka 1898, aliandika riwaya fupi ya The Turn of the Screw, ambamo mlezi wa watoto asimulia jinsi alivyowaona wafu wawili wakiwawinda watoto aliokabidhiwa. Kwa miaka mingi wasomaji walimwamini. Ndipo mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson akatoa hoja kwamba mizimu ile huenda ilikuwa katika kichwa cha mlezi mwenyewe, na tangu hapo ubishi haujaisha. Mwaka 1961 Wayne Booth alimpa msimulizi wa namna hiyo jina ambalo sasa latumika kila mahali: msimulizi asiyeaminika. Waswahili hawakungoja mwaka 1961. Walikwisha kusema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

Doa lisilotoka

Hebu sasa tuingie katika riwaya ya Faye. Yvonne afika Kigali mauaji yakiwa yamekwisha, na katika nyumba ya jamaa yake Eusébie akuta miili ya watoto waliokwisha kufa zamani. Awazika. Kisha abaki katika nyumba ile, asugua madoa yaliyobaki sakafuni, wala madoa hayatoki. Habari hii anaisimulia mwenyewe mezani, mbele ya watoto wake, kwa sauti isiyo na machozi.

Msomaji aliyekwisha kumcheka mzimu wa Canterville hapa hachoki kushangaa. Chombo ni kilekile: nyumba, sakafu, doa, mtu aliyepiga magoti na kitambaa. Lakini hapana dawa ya madukani. Na tofauti na riwaya ya Bwana Msa, hapana fumbo la kufumbua. Anajulikana aliyekufa, na yajulikana kwa nini alikufa. Taa ikiwashwa hapa, mizimu haiondoki. Huonekana vizuri zaidi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo Faye alipoigeuza riwaya ya mizimu na kuifanya kitu kipya.

Jambo la pili ni namna mizimu inavyosafiri. Yvonne arudi Bujumbura, kwa mume waliyetengana, na nyumba ya Kinanira, iliyokuwa na bustani na vicheko, yageuka. Mchana yeye hulala au hukaa kimya, hajali kuoga wala kula. Usiku huingia katika chumba cha watoto, akajilaza karibu na kitanda cha Ana, akamnong'oneza habari za wale waliokufa. Ana ni mtoto mdogo. Usiku mmoja mama anamjeruhi, kisha anatoweka gizani.

Tazama basi, msomaji, ni nani mzimu katika nyumba hii. Si marehemu. Ni mama aliye hai, mwenye damu na pumzi, aliyewabeba wafu kutoka nyumba moja hadi nyingine kama mtu abebaye maji kichwani. Mtoto anamwogopa mtu ambaye alimngojea kwa hamu kuliko watu wote. Hapana mlango wa kufunga, kwa kuwa mlango hufungwa dhidi ya mgeni, na huyu si mgeni. Tumesoma hadithi nyingi za kutisha, lakini chache zimefika mahali hapa, ambapo hofu na mapenzi yanakaa katika umbo moja na mtoto hana njia ya kuyatenganisha.

Gaby na mambo asiyotaka kuyajua

Riwaya nzima imeandikwa katika nafsi ya kwanza. Kwa kawaida tunawafundisha wanafunzi kwamba nafsi ya kwanza huleta ukaribu na ukweli. Ni kweli nusu tu. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1974, Kazimoto naye asema "mimi" tangu mwanzo, lakini msomaji makini haishi kujiuliza kama ulimwengu ni mchafu kiasi kile au macho ya Kazimoto ndiyo yaliyochafuka. Kwa hiyo wasomaji wa Kiswahili wamekwisha kuizoea shule hii.

Gaby haaminiki kwa namna tatu, na yafaa kuzitenga.

Kwanza, ni mtoto. Asikia maneno ya wakubwa juu ya siasa na makabila bila kuyaelewa, nasi tunaelewa zaidi yake. Hii ndiyo namna nyepesi, na waandishi wengi huitumia.

Pili, na hili ni zito zaidi, ni mtoto asiyetaka kujua. Kadiri vita vinavyokaribia, ndivyo anavyokimbilia vitabu anavyoazimwa na jirani yake Mgiriki, Bibi Economopoulos. Wenzake wa genge, wakiongozwa na Gino, wataka kuchagua upande na kulinda kichochoro kwa silaha. Yeye ataka kubaki mahali ambapo pande hazipo. Twampenda kwa ajili hiyo. Lakini tusisahau kwamba kichochoro anachokilinda katika masimulizi yake kilikuwa na ukuta wake tangu zamani. Kuna sura ya baiskeli. Baiskeli yake iliibwa, ikapatikana mbali mashambani kwa familia maskini iliyokuwa imeinunua kwa fedha yake yote. Donatien anamsihi aiache. Gaby anaichukua, na baadaye anaona haya. Sura hiyo, tuonavyo sisi, mwandishi ameiweka kama onyo: mtoto huyu mwema aweza kutenda dhuluma, akajua kwamba ni dhuluma, na bado akasimulia utoto wake kama bustani.

Tatu, ni mtu mzima. Hili husahauliwa mara nyingi. Anayesimulia si Gaby wa 1993, bali Gabriel aliyeishi Ufaransa miaka ishirini, kisha akarudi. Mwisho wa riwaya, akiwa katika kilabu cha pombe karibu na kichochoro cha zamani, gizani, asikia sauti ya mwanamke mzee, na anaitambua. Ni mama yake. Naye mama anamgusa akimdhania Christian, mmoja wa watoto wale waliokufa Kigali. Kunapambazuka, na Gabriel anaona hamu ya kuandika. Maana yake ni kwamba kila ukurasa tuliousoma, pamoja na maembe na vicheko, umeandikwa na mtu ambaye mama yake amemwita kwa jina la marehemu. Bustani ile imekumbukwa kutoka ndani ya nyumba ya mizimu. Haishangazi kwamba ni nzuri mno.

Theluji na moto

Sasa tuirudie barua ya theluji. Tumtazame kwanza mahali ilipo. Kabla yake, baba wa Armand, mmoja wa marafiki wa Gaby, ameuawa. Kundi la vijana wenye silaha limemkamata mtu linayesema ndiye muuaji, limemtia ndani ya gari lililomwagiwa petroli, na linamlazimisha Gaby kulitia moto. Akikataa, baba yake na dada yake watauawa. Gaby anatupa kiberiti. Halafu inafuata barua, na katika barua hapana gari, hapana petroli, hapana mtu. Ipo theluji tu, inayofunika kila kitu kwa weupe na kimya.

Mwanafunzi wetu aliuliza kama uongo huu unabatilisha habari iliyotangulia. Jibu letu, baada ya kufikiri, ni kwamba unaithibitisha. Mtu hafuniki mahali pasipo na kitu. Theluji ile ni shuka iliyotandazwa juu ya maiti: haionyeshi sura, lakini yaonyesha wazi kwamba chini yake pana mtu, na yaonyesha urefu wake. Gaby asingeandika theluji kama asingewasha moto. Kwa hiyo uongo wake ni ushahidi, wala hauwi ushahidi dhidi ya moto bali juu ya mkono uliouwasha, na juu ya kutoweza kwake kuutazama mkono huo.

Wala uongo huo haukosi hatia yake. Yule mtu aliyechomwa hasimuliwi. Hatumjui alikotoka wala kama kweli aliua. Kundi lilisema, basi. Theluji ya Gaby inamfunika yeye pia, na kwa hiyo anauawa mara mbili, mara ya pili kwa kalamu. Tunapowasifu wanafunzi kwa kuona uzuri wa lugha ya barua hii, hatuna budi kuwaonyesha na jambo hilo, kwamba maneno mazuri yaweza kufanya kazi ya jembe la mzika maiti usiku.

Hapa lazima tuseme jambo moja bila kigugumizi, kwa sababu njia yetu ya kusoma ina hatari yake. Kumshuku msimulizi si kuyakana matukio. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, ambayo Umoja wa Mataifa wakadiria kwamba yaliwaua watu zaidi ya 800,000, si mizimu ya kichwani mwa mtu. Mahakama zimeyathibitisha. Wapo watu duniani wanaotumia hoja ya "kila mtu ana masimulizi yake" ili kuwafuta marehemu. Hao hawajajifunza kusoma. Wamejifunza kutandaza theluji. Mwalimu anayefundisha habari ya msimulizi asiyeaminika na kuishia kwenye neno "basi hapana ukweli" amefanya madhara kuliko yule asiyeifundisha kabisa. Swali sahihi ni hili: msimulizi anaficha nini, na kwa nini hawezi kukitazama?

Dosari

Hatutakuwa wahakiki wa haki tukisifu tu. Dosari ya kwanza ni kwamba mara nyingi sauti ya mtoto inavaa nguo za mtu mzima. Tamathali zinarundikana, na katika kurasa za kwanza hasa msomaji anahisi kwamba utamu umezidi. Waweza kusema, kama tulivyosema hapo juu, kwamba utamu huo ndio ugonjwa wa msimulizi. Lakini ni utetezi ambao mwandishi yeyote aweza kuutumia kujifichia, nasi hatupendi kumpa bure.

Dosari ya pili yatuhusu sisi zaidi. Bujumbura ya riwaya hii ni ya Kinanira, ya watoto wa shule ya Kifaransa na madereva. Buyenzi, mtaa uliokilea Kiswahili cha mji huu, hausikiki. Prothé mpishi anauawa, na yapo maisha yake yote ambayo hatukuambiwa. Je, ni upofu wa Gaby au ni upofu wa mwandishi? Baada ya kuisoma sura ya baiskeli mara kadhaa, twaelekea kuamini kwamba Faye anajua vizuri nani hakusemeshwa. Hata hivyo kujua si sawa na kuwapa nafasi. Riwaya ya nyumba hiyohiyo, ikisimuliwa kutoka jikoni, bado yangoja mwandishi wake, na hatuoni kwa nini isiandikwe kwa Kiswahili.

Darasani

Wapo wenzetu waliotushauri kwamba kitabu hiki kisiletwe shuleni. Hoja yao si ya kudharau. Wanasema: vijana hawa walizaliwa baada ya mambo hayo, kwa nini kuwaonyesha jeraha ambalo linaanza kufunga? Fasihi ya shule ijenge, isibomoe.

Tunawajibu kwa heshima kwamba vijana hawa wamekwisha kuingia katika nyumba hiyo. Wanajua mitaani mwao ni nyumba gani wenye nayo hawakurudi, iwe baada ya 1972 au baada ya 1993. Wanajua ni jina gani likitajwa bibi hunyamaza. Wamelelewa na watu waliowasimulia mambo, na wamelelewa zaidi na mambo ambayo watu hao hawakuyasimulia. Kilichokosekana si hofu, bali chombo cha kuishika. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na kwa uzoefu wetu wa darasani, kijana hafichuki kwa kitabu, hufichuka kwa uvumi. Mwaka 1994 redio moja ya Kigali ilisimulia kila siku, kwa sauti nzuri na vichekesho, na wasikilizaji wengi hawakuwa wamefundishwa kumwuliza msimulizi anaivutia ngozi wapi. Kama kufundisha fasihi kuna faida moja isiyobishaniwa katika nchi zetu, ni hiyo.

Twapendekeza, kwa hiyo, kwamba kitabu kisomwe na wanafunzi wa madarasa ya juu tu, wala kisisomwe kwa haraka. Sisi tumetumia vipande tulivyovifasiri wenyewe kwa Kiswahili. Tumewapa wanafunzi zoezi hili: kuchagua ukurasa mmoja wa Gaby na kuuandika upya kama ambavyo ungesimuliwa na Prothé, au Donatien, au Ana. Insha zilizopatikana zilikuwa na makosa mengi ya sarufi, nasi tuliyasahihisha. Lakini zilikuwa insha za watu wanaotafuta jambo. Aliyeuliza swali la theluji alimchagua Ana. Katika insha yake Ana halali. Awasikiliza mama na kaka yake, mmoja anayesema kila kitu na mwingine asiyesema kitu, na hajui amwamini nani.

Jambo la mwisho. Sisi wenye umri wa miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto wa shule ya msingi miaka ile ile ya Gaby, katika mji huuhuu. Wanafunzi wakituuliza tulikuwa wapi, tuna majibu yetu tayari, mafupi na safi. Baada ya somo lile tulijaribu kuyaandika majibu yetu kwenye karatasi, kama zoezi, kabla ya kuwapa wanafunzi lao. Tuliandika habari za mpira wa matambara, za samaki wa ziwani, za mvua iliyoezua paa la darasa. Tuliposoma tulichoandika, tukaona kwamba hatukuwa tumetaja hata siku moja ya Oktoba 1993.

Tuliirarua karatasi, tukaanza upya. Na kabla ya kuwapa wanafunzi wenu zoezi hili, enyi walimu wenzetu, twawasihi nanyi mlifanye kwanza.